Fani ya Zamani Ndiyo Mtaji

Mhadhara wa wazi uliotolewa Maganzo, Wilaya ya Kishapu, Mkoa wa Shinyanga



Nimeombwa nizungumze na watu ambao hawakusomea kompyuta lakini wanataka kupata riziki kwa kompyuta. Nimefurahi kwamba mazungumzo haya yanafanyika Maganzo na si Dar es Salaam. Watu wa hapa wameiona teknolojia ikifanya kazi ile ile wanayoifanya kwa mikono, ikaifanya upesi kuliko wao, na wao wakabaki nje ya uzio wa mgodi.

Historia ya mgodi wa Mwadui mnaijua kuliko mimi, kwa hiyo sitaikalia. Dokta John Williamson, mjiolojia wa Kanada, aliupata mwamba ule wenye almasi mwaka 1940. Mwaka 1947 likatoka jiwe la waridi la karati 54.5, akampa Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza liwe zawadi ya harusi. Williamson alifariki 1958, mgodi ukaingia mikononi mwa De Beers na serikali, na mwaka 2009 Petra Diamonds wakachukua asilimia 75. Hayo yamesemwa sana. Lisilosemwa sana ni jinsi jiwe linavyochaguliwa kutoka kwenye udongo, na hapo ndipo ninapotaka tuanzie.

Mchimbaji mdogo ana chekeche, maji na macho. Anauzungusha mchanga majini, mawe mazito yanashuka na kujikusanya, kisha jicho lililozoea linaokota. Mgodini udongo unasagwa na kuoshwa, halafu unapitishwa kwenye maji yaliyochanganywa na unga mzito wa chuma, mawe mazito yazame na mepesi yaelee. Kinachobaki kinapita mbele ya mionzi, jamii ile ile ya eksirei ya hospitali. Almasi ikipigwa na mionzi hiyo hutoa mwanga. Kifaa kinauona mwanga, bomba la hewa linafunguka, na pumzi moja kali inalisukuma jiwe kwenye boksi lake wakati mengine yanaendelea na safari.

Sasa, lazima kuna mtu aliyeiambia mashine kwamba mwanga kuanzia kiwango fulani ni almasi, na chini ya hapo si almasi. Akikiweka kiwango juu mno, almasi zenye mwanga hafifu zinapita na kwenda kutupwa kwenye marudio. Akikiweka chini mno, boksi linajaa mawe mengine ambayo nayo yanang'aa. Kuliandika sharti hilo kwenye mashine ni kazi fupi, na fundi yeyote aliyesomea ataliandika. Kujua kiwango gani kinaufaa udongo huu, uliotoka upande huu wa shimo, kunahitaji mtu anayeyajua mawe. Hao ni watu wawili tofauti, na mgodi unawalipa wote wawili.

Ninachotaka kuwaambia leo kimo humo. Mkifikiria kazi za teknolojia, wengi mnamwona yule wa kwanza tu, aandikaye sharti. Mnajipima naye, mnajiona mmechelewa, mnarudi nyuma. Mimi nasema mtu aliyetoka nje ya fani aingie kama yule wa pili, kisha ajifunze ya yule wa kwanza kadiri kazi inavyomdai.

Kwa nini tuyazungumze sasa? Kwa sababu machimbo hayatupi uhakika tena. Aprili 2020 Mwadui ilisimamisha uzalishaji, na ulirudi mwaka uliofuata. Mgodi wa Buzwagi, kule Kahama, ulifikia mwisho wa uzalishaji wake mwaka 2021. Na kuna jambo ambalo wanunuzi wa hapa wanalijua kwenye mifuko yao: siku hizi almasi inatengenezwa maabara, na ile ya maabara imeishusha bei ya ile ya ardhini. Mtu wa miaka 35 mwenye watoto watatu hawezi kuambiwa aende chuo kikuu miaka minne. Lazima apate njia nyingine, na njia hiyo ipo, ingawa si fupi kama matangazo ya simuni yanavyodai.

Niwape mfano wa jambo mnalolitumia kila siku. Mwaka 2005 Nick Hughes na Susie Lonie wa Vodafone walianza majaribio nchini Kenya, pamoja na Safaricom na taasisi ya mikopo ya Faulu. Nia ilikuwa wakopaji warejeshe mikopo midogo kwa simu. Kiufundi mambo yalikwenda. Lakini walioendesha majaribio wakaona watu wanafanya jambo ambalo hawakuambiwa: wanatumiana pesa wao kwa wao, mume anamtumia mke, mfanyabiashara anajitumia mwenyewe ili asisafiri na noti. Huduma ikapangwa upya kufuata tabia hiyo. Ikazinduliwa Kenya mwaka 2007 kwa jina la M-Pesa, na Tanzania mwaka 2008. Uvumbuzi wenyewe, ule uliobadili maisha ya bibi yangu na yako, ulitokana na kutazama watu wanavyoishi na pesa zao. Mwanamke wa sokoni Maganzo angeweza kuwaambia hivyo hivyo siku ya kwanza, kama angeulizwa.

Hata miaka ile mitandao yetu ilipoanza kutumiana pesa baina yao, Tigo, Airtel na Zantel wakiwa wa mwanzo mwaka 2014 na Vodacom wakijiunga 2016, sehemu ngumu ilikuwa makubaliano: nani anamlipa nani, kiasi gani, na muamala ukikwama nani anamjibu mteja. Mezani walikaa watu wa sheria, wa fedha na wa biashara. Waandishi wa programu walikuwapo pia, sikatai.

Tukae kidogo na wakala. Hapa barabarani, upande wa stendi, utamkuta dada kwenye kibanda, simu tatu mezani na daftari la kaunta buku. Ukilifungua daftari lake utaona safu: tarehe, jina, namba, kiasi, kuweka au kutoa, salio. Jioni anafunga hesabu. Floti iliyobaki simuni, jumlisha na taslimu iliyo kwenye droo, lazima ilingane na mtaji aliofungua nao asubuhi. Isipolingana halali. Anarudi nyuma mstari kwa mstari mpaka alikute kosa: muamala umeandikwa mara mbili, au mteja amepewa 50,000 mahali pa 5,000, au ujumbe umeingia bila pesa kuingia. Ujumbe wa matapeli anaujua kabla hajaumaliza kuusoma, maana salio lililoandikwa halifanani na lake.

Dada huyo ukimwambia ana ujuzi wa mifumo atakucheka. Lakini kanzidata ya benki imejengwa kwa safu hizo hizo, na kazi ya kulinganisha miamala ambayo taasisi za fedha zinawalipa watu wafanye ndiyo kazi anayoifanya kila jioni kwa mwanga wa tochi. Anachokosa ni vyombo. Ajifunze kuliweka daftari lake kwenye Excel, kisha fomula za kujumlisha na kutafuta, kisha lugha ya SQL inayotumika kuiuliza kanzidata maswali. Hapo anaweza kuomba kazi ya kulinganisha hesabu, au ya huduma kwa wateja kwenye kampuni ya malipo, au ya kujaribu programu kabla haijawafikia wateja. Hiyo ya mwisho ninaipenda zaidi kwa ajili yake. Kijana wa mjini aliyesomea kompyuta ataijaribu programu ya wakala kama anavyofikiri wakala anafanya. Dada wa stendi ataijaribu akiwa na wateja wanne mbele yake, mtandao unasuasua, na mmoja wa wateja hao ni mwizi.

Kuna walioingia kwa njia hii wakafika mbali. Benjamin Fernandes, kijana wa Dar es Salaam, alianza kama mtangazaji wa televisheni. Alisomea biashara, baadaye akafika Stanford, Marekani. Mwaka 2017 akaanzisha NALA, programu iliyoanza kwa kurahisisha matumizi ya pesa za simu, kisha ikageukia kutuma pesa kutoka ng'ambo kuja Afrika. Mwaka 2024 kampuni hiyo ilikusanya dola milioni 40 kwa wawekezaji. Ninamtaja kwa tahadhari. Stanford haiko njiani kwenda Kahama, na mtu asije akawauzia hadithi ya Fernandes kana kwamba kila mtangazaji anaweza. Lakini tazameni alichokuja nacho: kuzungumza na watu, kuijua biashara, kulijua tatizo la pesa za simu kama mtumiaji. Kuandika programu aliwaachia mafundi.

Mfano wa pili ni wa Kenya. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, ghasia zilipozuka, Ory Okolloh, mwanasheria aliyekuwa pia mwandishi mtandaoni, alitoa wito: je, hakuna mafundi wanaoweza kutengeneza ramani ya kuonyesha mahali ghasia zinapotokea, kutokana na taarifa za wananchi wenyewe? Mafundi wakajitokeza, akiwamo David Kobia, na kwa siku chache tu Ushahidi ikawa hewani, Januari 2008. Programu hiyo baadaye ilitumika Haiti baada ya tetemeko la ardhi la 2010, na katika nchi nyingine nyingi. Swali lilitoka kwa mwanasheria, na bila swali lile mafundi wale wangekuwa wanafanya mambo mengine.

Wa tatu ni wa kwetu, na naona ndio unaowafaa zaidi. Mwaka 2015 Dar es Salaam ulianza mradi wa Ramani Huria, wa kuchora ramani za kata zinazokumbwa na mafuriko. Walishiriki wanafunzi wa vyuo, lakini walishiriki pia wakazi wa mitaa yenyewe, kwa sababu picha ya angani inakuonyesha paa. Haikuonyeshi mtaro upi unaziba, wala maji yalifika wapi ukutani. Hayo anayajua anayeishi pale. Zilizochorwa ziliingizwa kwenye OpenStreetMap, ramani ya dunia ambayo yeyote anaweza kuichangia bila malipo. Vijiji vingi vya kanda yetu bado havijajaa kwenye ramani hiyo. Mtu mwenye simu janja anaweza kuanza wiki hii kuweka visima, zahanati, njia za ng'ombe, mashimo yaliyoachwa wazi. Halipwi kwa hilo. Ila akiisha kuchora kata nzima, ana kazi inayoonekana na jina lake likiwa juu yake, na siku akiomba nafasi ya kukusanya takwimu au kuongoza timu ya ramani, hatakwenda mikono mitupu.

Nimesema kazi inayoonekana. Hapa ndipo wengi wanapokwama. Wanakusanya vyeti. Ukiniuliza mimi, mtu anayetoka fani nyingine afadhali awe na kazi moja nzuri aliyoitoa kwenye fani yake. Wachimbaji wa dhahabu wa Geita na Kahama mnaujua ugomvi wa mgawo wa mifuko: mwenye leseni fungu lake, mwenye duara, yaani shimo, fungu lake, wachimbaji fungu lao, na aliyekopesha mbao na chakula naye anasubiri. Mifuko inahesabiwa kwa mdomo na daftari analo mmoja. Katibu wa kikundi akitengeneza lahajedwali safi inayoonyesha mifuko iliyotoka, makato na fungu la kila mmoja, tena isiyoruhusu mtu kufuta alichoandika jana bila kuacha alama, atakuwa ametatua shida ya kweli. Akiulizwa kwenye usaili amewahi kutengeneza nini, ataeleza hilo kwa nusu saa bila kubabaika.

Kuhusu kusoma kwenyewe, nitasema kwa kifupi. Anza na Excel mpaka uimudu, halafu SQL, halafu lugha ya Python kama bado una hamu. Somo la CS50 la Chuo Kikuu cha Harvard liko mtandaoni bure, na linamchukua mtu asiyejua kitu. Mwalimu wake, David Malan, mwenyewe aliingia Harvard kusoma mambo ya siasa na serikali, akaonja somo hilo mwaka wa pili, akahama. Ugumu wake kwetu ni mwingine: linafundishwa kwa Kiingereza, na video zinakula bando. Shusheni masomo usiku au mahali penye mtandao wa ofisi mkiruhusiwa, msome watatu au wanne pamoja, anayekijua Kiingereza awafasirie wenzake. Na waume mlio hapa, nisemeni vibaya mkitaka: mke akisoma saa mbili usiku, vyombo avioshe nani? Nimewaona wanawake wengi wakiacha masomo haya, na mara nyingi somo halikuwa limewashinda.

Msiache kazi mnayoifanya ili mkasome. Najua wapo wanaohubiri kuchoma madaraja. Hao hawalipi kodi ya nyumba yenu.

Tahadhari ya pili ni kwamba si kila kazi inayoitwa ya teknolojia inamtoa mtu. Nairobi vijana wengi, wasomi, waliajiriwa na kampuni ya Sama kusoma na kupanga maandishi na picha ili mashine za akili mnemba zijifunze, au ili machafu yaondolewe Facebook. Mwaka 2022 mmoja wa waliofanya kazi hiyo, Daniel Motaung, alifungua kesi Nairobi dhidi ya Meta, wenye Facebook, na Sama kuhusu mazingira ya kazi. Januari 2023 jarida la Time likaandika kwamba waliokuwa wakisoma maandishi ya kutisha kwa ajili ya kampuni ya akili mnemba ya OpenAI walilipwa chini ya dola 2 kwa saa. Walikaa mbele ya kompyuta, lakini, ukiacha lugha, kazi yenyewe haikuhitaji fani waliyokuja nayo, wala haikuwapa ujuzi wa kuwapeleka mbele. Ukipewa kazi, jiuliza kama baada ya mwaka mmoja utakuwa unajua jambo jipya. Na anayekuambia utume ada kwanza ndipo upewe kazi ya mtandaoni, huyo mnamjua, ni ndugu yake yule wa ujumbe wa salio.

Mtauliza, akili mnemba si inaandika programu yenyewe sasa? Inaandika, tena vizuri kwa mambo madogo. Nafasi za wanaoanza, wale waliokuwa wakipewa vipande vyepesi vya programu, zimeingia mashakani, na sitawaficha hilo. Lakini ukiiambia ikuandikie mfumo wa mgawo wa mifuko, itakuandikia mfumo wa watu ambao haijawahi kuwaona. Haijui kwamba mwenye duara anaweza kufa katikati ya msimu, na ndugu zake wakadai fungu. Wa kuiambia hayo, na wa kukagua ilichoandika, ni anayeyajua machimbo.

Nchi hii ina kumbukumbu yake kuhusu mashine kukosa watu wa namna hiyo. Wizara ya Fedha ilipata kompyuta mwaka 1965. Mfumo wa hesabu za serikali uliowekwa humo ulishindwa, na mwaka 1974 uingizaji wa kompyuta nchini ukapigwa marufuku. Siku hizi tunacheka. Mimi naona waliokuwapo walikuwa na sababu ya hasira: walinunua chombo kabla ya kuandaa watu wanaoijua kazi na chombo pamoja.

Nimalizie na mahali pa kubisha hodi, maana mwenyekiti ananiangalia. Kanuni za ushirikishwaji wa Watanzania katika sekta ya madini za mwaka 2018 zinaitaka migodi itumie huduma na bidhaa za kampuni za nchini. Kampuni zinazoihudumia migodi, za ulinzi, chakula, usafiri, vipuri, zinahitaji watu wa kuweka kumbukumbu na kuandaa ripoti kwenye mifumo, na kwao aliyewahi kufanya kazi mgodini ana nafasi kuliko mgeni. Masoko ya madini yaliyoanza kufunguliwa mwaka 2019 nayo yanapima, yanaandika na kutoa takwimu kila siku.

Halafu ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Kila taasisi inayokusanya taarifa za watu, iwe hospitali, SACCOS, shule au kampuni ya mikopo, inatakiwa kujisajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi na kuwa na afisa wa ulinzi wa taarifa hizo. Ni kazi mpya, na wengi wa walioipata bado wanajifunza. Mtunza kumbukumbu wa hospitali ameishi na swali hilo miaka yote: faili la mgonjwa alione nani, likae wapi, litoke kwa ruhusa ya nani. Aisome sheria ile, ipo kwa Kiswahili, na aongeze misingi ya kanzidata. Kama kuna watunza kumbukumbu ukumbini, naomba tuonane baada ya maswali, nina nakala chache za sheria hiyo nimekuja nazo.